Mwanao yuko Italia? Mwache anunue tairi za theluji kwanza

Mhariri,

Salaam nyingi kutoka Malindi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua manake hili jambo limenikaa rohoni tangu nione ile klipu inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp huku kwetu, kijana wa hapa hapa yuko Italia kaskazini anapanda mlima na gari ndogo, theluji imejaa pande zote mbili, mkono mmoja uko kwa usukani mwingine umeshika simu, gari inaenda mshazari na yeye anacheka tu. Watu wakawa wanaandika mashallah, hongera sana, Mungu akuinue zaidi. Mimi macho yangu yalienda kwa tairi. Aliposhuka kujipiga picha zilionekana vizuri kabisa, tairi za kiangazi, ile mistari mirefu iliyonyooka kuzunguka tairi nzima na mpira mtupu katikati. Nkasema huyu mtoto hajui alipo.

Tairi ndio kazi yangu. Nina banda la pancha na kubadilisha tairi hapa mjini, na kabla sijarudi nyumbani nlifanya miaka kadhaa kwenye gereji ya tairi huko Trentino, milimani Italia kaskazini, ambako kila mwaka ikifika Oktoba, Novemba, watu wanapanga foleni kuvua tairi za kiangazi na kuvaa za baridi, halafu Aprili wanarudi tena. Na naandika kwa gazeti la Kiswahili makusudi, sababu wale vijana wako kule na hili gazeti hawalioni, wanaolisoma ni wazazi na mashangazi na wajomba walioko huku, na maneno yangu leo ni ya kwenu nyinyi mlioko huku.

Malindi na Italia hakuna haja ya kuelezana. Tangu miaka ya 60 na ule mradi wa San Marco pale Ngomeni, 1967 wakarusha setilaiti kutoka kwenye jukwaa la baharini, baadaye wakaja wenye mahoteli na majumba, mpaka leo ukienda sokoni muuza maembe anakuhesabia bei kwa Kitaliano bila kufikiri. Kwa hivyo vijana wetu wanaenda, wengine kwa ndoa, wengine kwa kazi. Na kazi nyingi ya miezi ya baridi iko milimani, kwenye mahoteli ya wale wanaokuja kuteleza juu ya theluji, jikoni, kuosha vyombo, kutandika vyumba. Hoteli iko juu kabisa, chumba cha kodi nafuu kiko chini bondeni. Ukiwa zamu ya asubuhi unatakiwa jikoni kabla wageni hawajaamka, basi la kwanza bado halijatoka, kwa hivyo lazima uwe na gari.

Sasa fuateni hii hesabu, sababu ndiyo imenifanya nishike kalamu. Kijana ananunua gari kuukuu Agosti au Septemba, Fiat Panda au Fiat Punto, inakuja na tairi za kiangazi manake ni kiangazi. Theluji inaanza kushika barabara za juu Novemba. Hoteli inafungua mwanzo wa Desemba, mshahara wa kwanza unaingia mwisho wa mwezi au Januari. Seti ya tairi nne za baridi kwa gari ndogo ni kama euro 300 mpaka 400 ukijumlisha na kufungisha, yaani zaidi ya shilingi 40,000 za kwetu. Hana. Na kwenye hizo wiki hizo hizo ndio simu za kutoka Malindi zinaanza, Krismasi kwa wenye Krismasi, harusi ya binamu, shule zafungua Januari na karo inatakiwa, mabati yamepanda bei, shangazi yuko hospitali. Pesa ya kwanza ikiingia inakuja huku yote. Tairi anasema ntanunua mwezi ujao, na mwezi ujao kuna lingine, na mwezi unaofuata anasema ah baridi inaisha. Mimi nimewaona wanakuja gereji wanauliza bei, wanashukuru, wanaondoka. Sikuwahi kuona mmoja wao ambaye hakujua kwamba ni hatari. Walijua, ila picha ya mama yao ilikuwa imekaa mbele yao.

Na nyinyi huku mnafikiri tairi ni tairi. Siwalaumu, hapa joto ni lile lile mwaka mzima, tofauti ya kaskazi na kusi haijai mkononi kwa upande wa tairi. Lakini mpira unasikia baridi. Tairi ya kiangazi imechanganywa iwe ngumu ili isiyeyuke kwa lami ya moto, na joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi inaanza kukakamaa, hata kama hakuna theluji, hata kama barabara ni kavu. Inabaki inapita juu juu ya lami bila kuikamata. Ni sawa na kandambili mpya kwenye sakafu ya soko la samaki. Tairi ya baridi imewekwa mpira wa asili zaidi na silika, ile madini inayotoka kwa mchanga, kwenye kipupwe inabaki laini. Halafu ukiitazama karibu kila jino la ile tairi limekatwa mikato midogo mingi sana myembamba, imepinda pinda, mtu asojua atasema imeharibika. Ile mikato inafunguka gari inaposukuma, inauma theluji na kuishika ndani yake, na theluji iliyoshikwa inagandamana na theluji ya chini, ndio unapata kwenda na kusimama. Ile mistari mirefu ya tairi ya kiangazi ni ya kutoa maji ya mvua. Theluji inaijaza ikawa sawa sawa, na baada ya hapo una tairi kipara hata kama umeinunua jana.

Kila tairi inagusa barabara kwa sehemu ya ukubwa wa kiganja tu. Viganja vinne, na juu yake tani moja ya chuma na mtu ndani na mteremko na kona.

Kuna kingine kinachowadanganya vijana wetu waliokulia pwani, nacho ni kwenda juu. Sisi kutoka Malindi mpaka Gede mpaka Watamu hali ya hewa ni moja. Kule unatoka Trento, mji uko chini, kama mita 194 kutoka usawa wa bahari, asubuhi mvua ya kawaida, nyuzi 6, unasema leo afadhali. Unapanda kuelekea Passo del Tonale, pale barabara inapokatiza juu ya mlima, mita 1,883. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6 na nusu. Piga hesabu mwenyewe, ukifika juu uko nyuzi 5 chini ya sifuri na ile mvua yako imekuwa theluji njiani, bila kukubishia hodi. Na madaraja yanaganda kabla ya barabara nyingine, sababu upepo unapita chini yake pia, unaona lami nyeusi imelowa kidogo tu kumbe ni barafu nyembamba. Wanamwaga chumvi, kweli, na gari za kusukuma theluji zinapita, lakini mtu wa zamu ya alfajiri mara nyingi anapita kabla yao, na baridi ikishuka chini ya kama nyuzi 10 hasi hata ile chumvi inakuwa haina nguvu.

Ntasikia mtu anasema mwanangu ana fobaifo. Haya. Hapa sisi tumezoea kwenda Tsavo, Sala Gate huko, mvua ikinyesha mwenye fobaifo anapita na mwenye saluni anabaki kwenye tope, kwa hivyo tunaamini fobaifo ni dawa ya kila kitu. Fobaifo inakusaidia kuondoka. Kusimama, gari zote zinasimama kwa tairi nne, na yenye fobaifo ni nzito zaidi. Wale nliowaona wameingia mtaroni wengi walikuwa na gari kubwa nzuri zenye tairi za kiangazi, kwenye kupanda zilikuwa zinapita kila mtu, kwenye kushuka ndio mambo yakaharibika. Na breki za ABS hivyo hivyo, inazuia magurudumu yasijifunge ili usukani uendelee kukusikiliza, lakini haikuletei mshiko ambao tairi haina. Kwenye theluji tairi ya kiangazi inaweza kutaka karibu mara mbili ya umbali wa kusimama ukilinganisha na ya baridi, na kwenye kona ya mlimani huo umbali wa ziada haupo, kuna reli ya chuma na kama hakuna reli kuna bonde.

Kushuka ndio mtihani. Kupanda ukishindwa gari inasimama unaona aibu basi. Kushuka unatakiwa uingie gia ya pili kabla mteremko haujaanza, si katikati, uache injini ishike gari, breki uiguse tu polepole kabla ya kona na si ndani ya kona, usukani usiukate kwa ghafla, na uache nafasi kubwa mbele yako hata kama wa nyuma anapiga honi. Ukiondoka mahali palipoganda tumia gia ya pili, gia ya kwanza inazungusha magurudumu bure. Gari ikianza kuteleza mtu wa pwani silika yake ni kukanyaga breki mpaka chini, na kwa gari kuukuu isiyo na ABS hilo ndilo linalomaliza kazi, tairi zikijifunga usukani unakuwa pambo. Haya yote lakini ni kwa mtu mwenye tairi sahihi. Asiye nazo namwambia aegeshe, apande basi, aombe lifti, apige simu aseme leo sifiki. Hoteli itapata mtu mwingine wa kuosha sahani.

Sheria nayo si mchezo. Italia kwenye barabara nyingi za kaskazini na milimani, kutoka 15 Novemba mpaka 15 Aprili lazima uwe na tairi za baridi au uwe na minyororo ya tairi ndani ya gari, na barabarani kuna kibao cha duara cha bluu chenye picha ya tairi iliyofungwa mnyororo, ukikiona umeambiwa. Faini inaanzia euro 40 na kitu ndani ya mji na 80 na kitu nje ya mji, na polisi anaweza kukuzuia usiendelee na safari. Akivuka mpaka pale Brenner kwenda Austria, kuanzia 1 Novemba mpaka 15 Aprili hali ikiwa ya baridi na theluji lazima awe na tairi za baridi zenye kina cha meno kisichopungua milimita 4, milimita 3 na nusu kwao ni tairi iliyokufa. Ujerumani hawaangalii tarehe, wanaangalia hali ya barabara, lakini tangu 1 Oktoba 2024 wanakubali tu tairi yenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, ile herufi M+S, yaani matope na theluji, peke yake haitoshi tena. Na wamefanya vizuri, manake M+S mtengenezaji anajiandikia mwenyewe, ile ya mlima lazima tairi ipite majaribio ya theluji. Ufaransa nao kwenye maeneo ya milima wameanza sheria yao tangu 2021, 1 Novemba mpaka 31 Machi.

Minyororo. Wengi wanaichagua sababu ni rahisi, euro 40 au 50 unapata, unatupa kwenye buti umetii sheria. Sawa, polisi ameridhika. Lakini mnyororo unafungwa wakati theluji tayari imefunika barabara, unatakiwa usimame pembeni gizani, upige magoti kwenye maji ya barafu, vidole havisikii, na ufunge kwenye magurudumu yanayovuta, Panda ya kawaida ni ya mbele, nimeona mtu kafunga nyuma akashangaa gari haendi. Na ukishafunga mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na pale lami inapotokea unatakiwa kuifungua tena la sivyo inakatika na kukupiga bodi. Kijana ambaye hajawahi hata kuifungulia kwenye boksi kuifanyia mazoezi hiyo minyororo yake ni mzigo tu. Mimi ninavyoona mnyororo ni wa kuongezea juu ya tairi nzuri siku theluji ikizidi, si wa kuchukua nafasi yake. Tairi za misimu yote zenye ile alama ya mlima nazikubali kwa anayeishi Milano huko tambarare, kwa anayepanda hotelini kila siku siziungi mkono.

Akitaka za mitumba, anunue, sina neno, ila aangalie ubavuni zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya baridi ikizeeka inakakamaa na ule ulaini ndio ulikuwa faida yake yote, meno yanaweza kuwa marefu bado na mpira umeshakufa. Na anunue nne. Kuna wanaonunua mbili za mbele ili kuokoa pesa, mbele inashika nyuma haishiki, kwenye kona makalio ya gari yanatangulia. Heri asinunue kabisa akapanda basi.

Hili la kusoma ubavu wa tairi nyinyi wa huku pia liwahusu, manake kuna kinyume chake hapa hapa Malindi na watu hawakijui. Gari zetu nyingi zinatoka Japani, na Japani sehemu za kaskazini wana theluji ya kufunika nyumba. Tairi za misumari, zile zenye vichwa vya chuma vya kuuma barafu, walizipiga marufuku mwanzoni mwa miaka ya 90 sababu zilikuwa zinachimba lami na vumbi lake linaingia watu vifuani, wakatengeneza tairi laini sana zisizo na misumari, ubavuni zimeandikwa STUDLESS. Probox inashushwa Mombasa, imevaa studless, mwenye gari anakuja bandani kwangu amefurahi, fundi angalia, tairi bado mpya, meno haya hapa. Kwa lami yetu ya saa saba mchana ile tairi inakwisha haraka, gari inayumba yumba kwenye spidi ya kwenda Mombasa, na mvua ikinyesha breki zake ni ndefu. Nikimwambia avue anadhani nataka kumuuzia. Basi kama mnaweza kuelewa kwamba tairi ya theluji haifai Malindi, ieleweni na ile ya kiangazi kwamba haifai kwenye theluji.

Sasa narudi kwa wazazi. Sisemi vijana wasitume pesa, mimi mwenyewe nimetuma mpaka wakala alikuwa ananijua kwa jina, na nyumba ninayokaa imejengwa hivyo. Nasema Novemba na Desemba mwaka wake wa kwanza mlimani muacheni. Msimpigie simu ya karo. Karo ina mwalimu mkuu ambaye unaweza kukaa naye mkaongea, ukalipa nusu. Mpigieni mumuulize umeshafunga tairi za baridi, na msikubali jibu la niko sawa mama, mwambieni atume picha ya ubavu wa tairi, muone ule mlima na ile theluji kwa macho yenu. Mnamtaka picha ya kila kitu, picha ya koti, picha ya chakula, picha ya gari, ombeni na hiyo. Na wale wanaoandika hongera chini ya klipu za mtu anayeteleza, jamani, hata kama mnamtakia mema, mnamchochea arudie.

Hivi majuzi nilikuwa nikiyasema haya bandani, mama mmoja wa Muyeye alikuja na gurudumu la tuktuk kuziba pancha, akasikiliza mpaka mwisho. Mwanawe yuko kule, jikoni, msimu wa kwanza. Akaniambia, "Fundi, si unipe hizo studless ulizovua kwa Probox nimtumie?" Nkamwambia mama yangu, nauli peke yake itashinda bei ya tairi, halafu saizi huenda isiingie, na kule tairi inatakiwa iwe na alama ya E ubavuni, za soko la Japani nyingine hazina. Kama unataka kumsaidia mtumie pesa anunue huko huko. Alinitazama kama nimemtukana. "Mimi nitume pesa Ulaya?" Alikaa kwenye lile benchi langu muda, akapiga simu mbili tatu, wiki iliyofuata akarudi akaniambia wamechanga yeye na dada zake wawili, nusu ya bei, nusu nyingine kijana amepata kwa mkubwa wake wa jikoni atakatwa kidogo kidogo. Picha ya tairi imeshatumwa, amenionyesha, mlima upo, tarakimu ziko sawa, meno mazuri. Kilichobaki ni baba mtu, yeye anataka kujua kama zile pesa zilikuwa mkopo au zawadi, na kama ni mkopo zinarudi lini.

Ni mimi,
Fundi wa tairi,
Barani, Malindi